Nyota moja, na hiyo moja ni ya Arthur Nery

Nianze na nyota, kisha niseme yangu. Nyota moja. Na hiyo moja si ya hii programu ya muziki, ni ya huyo Arthur, mwimbaji kijana wa Cagayan de Oro, kule Ufilipino, ambaye hata hajui kama nipo duniani. Kungekuwa na kitufe cha sifuri ningekibonyeza mpaka kioo cha simu kipasuke.

Arthur nilimjulia Doha, kule Qatar. Nilikuwa nasafisha vyumba hotelini, tunalala wanne chumba kimoja, vitanda vya kupandana, na chini yangu alilala Mfilipino tuliyemwita Ate. Ate kwao ni dada mkubwa, na ukishamwita mtu hivyo umekwisha, atakulisha wali kwa samaki mkavu hata ukiapa kwamba umeshiba. Kitanda chake alikizungushia pazia la maua. Usiku baada ya shifti, taa zimezimwa, nyuma ya lile pazia simu ilikuwa ikiimba taratibu. Sauti ya mwanamume, lakini inapanda nyembamba kama moshi wa udi, halafu inakatika pale pale unapoingoja. Mimi huko juu nimetulia tuli, wala sielewi neno.

Au tuseme, nilidhani naelewa. Akiimba "sana" nasikia sana yetu: anapenda sana, anaumia sana. Akisema "mahal" nasikia mahali, nikajua kuna mahali anapakumbuka. "Hindi" ndiyo iliyonichosha, maana mapenzi na mahindi wapi na wapi? Siku niliyomweleza Ate alicheka mpaka akajigonga kichwa kwenye chuma cha kitanda. Sana yao ni laiti. Mahal ni mpenzi, na neno hilo hilo ni ghali, kitu cha bei. Hindi ni hapana. Kumbe kijana wa watu anasema laiti, mpenzi, hapana, mimi namsikia sana, mahali, mahindi. Na bado nilikuwa nalia pale pale pa kulilia. Haya, nielezeni.

Ate alikuwa wa mji ule ule wa Arthur, kisiwani Mindanao, kwa hiyo kwa Arthur humwambii kitu. Alimfuata tangu enzi za kuweka nyimbo mwenyewe kwenye SoundCloud, mtandao wa muziki, kabla ya wimbo wake Pagsamo wa 2021 kumfikisha kwa kila mtu. Kwao lugha ya nyumbani ni Kibisaya, na Ate alikuwa akinung'unika kwamba watu wa Manila huwacheka lafudhi, kwamba kwenye tamthilia mjakazi ndiye hupewa aongee kama yeye. Hapo sikuhitaji mkalimani. Mimi mtu wa Mombasa niliyewahi kukaa Nairobi, nikaigizwa "yakhe, yakhe" mpaka nikaacha kusalimia watu. Na Arthur nyimbo zilizompandisha ni za Kitagalog. Mara nyingine namkasirikia kwa hilo. Kisha anaimba, na mimi hasira sizioni tena.

Sasa tuingie kwenye uchungu wenyewe.

Mkataba ulipokwisha nikafunga virago. Usiku wa kuamkia safari nilipakua nyimbo zake zote, nimelipia, sijaiba, ili niwe nazo ndani ya ndege na nyumbani ambako bando ni la kuhesabu. Ndege imepaa, natia spika masikioni, nafungua: zote zimekuwa kijivu. Kijivu! Jina lipo, picha ipo, ukigusa ni kama unagusa ukuta. Safari nzima nilisikiliza mtoto akilia kiti cha nyuma, naye hakuwa na sauti mbaya, lakini si yeye niliyemlipia.

Nilipofika nikaandikia huduma kwa wateja. Nilianza kwa adabu, nikasalimia kabisa. Aliyenijibu akanizungusha: zima simu, washa simu, futa programu, iweke upya. Nikafanya. Akasema nirudie, nikarudia. Siku ya pili, au ya tatu, akauliza niko nchi gani. Kenya. Akanyamaza kidogo. Akarudi kuniuliza kama ningependa anipangie orodha ya muziki wa Kiafrika badala yake. Nikamwambia ahsante, nataka hizi nilizozitolea pesa. Ndipo akaandika, akatia na kile kiuso cha njano kinachocheka mpaka machozi: mtu wa Kenya anasikiliza Kitagalog kwa ajili gani?

Kiuso kile. Kijivu ningekisamehe, kuzungushwa ningesamehe, nimezoea, nimepanga foleni za kila aina maishani mwangu. Lakini kiuso! Mama yangu amekua na Juma Bhalo, mwimbaji wa taarabu, mtu wa pwani hii hii, aliyekuwa akichukua mahadhi ya filamu za Kihindi akayavisha Kiswahili, watu wakatoka machozi, na sijasikia aliyemuuliza kwa ajili gani. Pale Doha Mfilipino ukimuona dukani unamwita kabayan. Ni neno lao wenyewe, maana yake mtu wa kwetu, na Mnepali analisema, Mhindi analisema, mimi nalisema. Hakuna aliyetukatalia. Leo mtu aliyeketi mbele ya kompyuta sijui wapi ndiye wa kunigawia masikio kwa pasipoti?

Haya. Nimekunywa maji, niseme na haki. Kadi niliyokuwa nalipia ilikuwa ya benki ya kule, na ile akaunti ya benki niliifunga kwa mkono wangu wiki ya kuondoka. Barua pepe walinitumia, tatu nzima, nikazikuta baadaye zimelala pamoja na matangazo ya viatu. Kwa hivyo kile kijivu labda kilikuwa changu. Labda. Nilipojisajili upya na kulipa kutoka hapa, nyimbo zote zilirudi, haikupotea hata moja, na sauti ni safi, unasikia mpaka pumzi anayoivuta kabla hajapanda juu. Kwa kazi ya kupiga muziki, programu haina neno. Mnaniona? Nimeanza kuitetea. Lakini kiuso kile sikukilipia, na msamaha sijaombwa mpaka leo, niliombwa nijaze fomu ya kueleza nimeridhika kiasi gani.

Juzi jioni nilikuwa barazani nimeiweka kwa sauti. Mama akatoka na ungo wake wa mchele, akasimama, akasikiliza.

"Huyu naye ameachwa?"

"Naona hivyo, mama."

"Mbona anasema sana, sana? Sana nini?"

Nikamwambia kwao hiyo ni laiti. Akaurudia mdomoni ule mkato, laiti, laiti, kama anaonja chumvi. Kisha akaketi, ungo magotini.

"Hebu irudishe hapo nyuma kidogo."

Nyota mbili, basi. Mpaka nitakapokikumbuka tena kile kiuso.