Uzoefu wangu: mafuta ya kupuliza kutu kwenye diski iliyogandana (Corolla NZE121, Mombasa)

Nimetumia kopo la mililita 400, lile la kupuliza lenye mrija mwembamba, kwenye diski za breki za mbele nilipokuwa nazibadilisha. Nilifanya kazi hii nyumbani na mwanangu wa miaka 12. Nayapa mafuta haya nyota 4 kati ya 5. Maelezo kwenye kopo yanasema ungoje dakika 15. Kwa gari la pwani hizo hazitoshi hata kidogo.

Hapa kwetu hewa ina chumvi mwaka mzima. Unyevu huingia kati ya diski na habu (kitovu kinachobeba gurudumu), kutu ikivimba hujaza ule upenyo mpaka vyuma viwili vinashikana kama kimoja. Ndiyo maana ukishatoa kalipa (kile kifaa kinachobana pedi kwenye diski), diski haichomoki japo hakuna bolti inayoishika. Wengi hapo hukamata nyundo ya chuma. Itapasua ukingo wa diski, na ukizidisha unaumiza beringi.

Mafuta haya yanataka usiku mzima. Puliza jioni, gurudumu likiwa limetolewa, kwenye duara la kati diski inapokutana na habu, kwenye mizizi ya stadi zote nne (vile vyuma vyenye uzi vinavyopokea nati za gurudumu), na kwenye zile bolti mbili za milimita 17 zinazoshika breketi ya kalipa kwa nyuma. Alfajiri rudia. Ukiona tone kwenye ukingo wa uzi limegeuka rangi ya strungi, yamepenya. Yasiguse uso unaoumwa na pedi. Yakiruka hapo, futa kwa dawa ya kusafishia breki mpaka kitambaa kitoke safi.

Wakati wa kutoa gurudumu, legeza nati zake, soketi 21, kabla ya kupiga jeki, kisha weka stendi. Kwa zile bolti za 17 tumia soketi ya pembe 6. Ya pembe 12 huviringa kichwa. Halafu angalia upande: vichwa vyake vinatazama ndani ya gari, kwa hiyo ukiwa mbele ya gurudumu mkono hukudanganya, ukakaza ukidhani unalegeza. Ikigoma, kaza kidogo sana, legeza, kaza, legeza, kutu ivunjike. Kalipa itundike kwa waya, isining'inie kwa mpira wake wa mafuta ya breki.

Sasa diski yenyewe. Ina matundu mawili yenye uzi, na watu wengi hawayaoni kwa sababu yamejaa kutu. Yachokonoe kwa msumari, puliza, tia bolti mbili za M8 zenye uzi wa 1.25, kichwa 12. Kaza hii nusu mzunguko, nenda ile nusu mzunguko. Ukikaza moja peke yake diski inakwenda upande na uzi unakatika. Mwachie mtoto ahesabu, maana ukiwa unavuta spana ni rahisi kusahau zamu. Bolti zikiwa nzito, gonga kwa nyundo ya mpira kati ya stadi, uongeze nusu nyingine. Itatoa mlio mkavu, "ta!", na unga mwekundu utamwagika chini.

Mtoto avae miwani, asiingie chini ya gari, na kalipa ikiwa nje asiguse pedali kabisa: pistoni itaruka, mafuta ya breki yamwagike, na mtaanza kazi ya kutoa hewa kwenye breki.

Kabla ya kuvisha diski mpya, sugua uso wa habu kwa burashi ya waya. Gamba moja tu la kutu likibaki, diski inakaa mshazari na usukani utatetemeka ukifunga breki. Ukazaji kwa spana ya kupimia nguvu (Nm ni kipimo chake): breketi 107 Nm, bolti za pini zinazoshika kalipa kwenye breketi (soketi 14) 34 Nm, nati za gurudumu 103 Nm. Hapo ndipo kazi kubwa ya mtoto inapoanza: kukanyaga pedali polepole mpaka iwe ngumu, gari likiwa bado halijasogea.

Nyota moja nimeitoa kwa harufu, kali mno kwa gereji iliyofungwa, na kwa mrija unaochomoka ovyo. Ufunge na kopo kwa mpira wa pesa.