MALMOE: Muvi ya kamusi, steringi anakufa, na DJ aliyenikata maini

Wadau, karibuni tena. Leo nimekaa na hiki mkononi, mnakiona? Kandambili. Ya mguu wa kushoto. Msicheke, ina kazi yake, tutafika huko.

Muvi ya leo ni ya Kikorea, inaitwa Malmoe, ilitoka mwaka 2019. Tamthilia za Wakorea mmeshazimaliza, kwa hiyo sina haja ya kuwaelezea jinsi wanavyojua kulia mvuani. Hii ni muvi ya watu wanaotengeneza kamusi. Ndiyo, kamusi, lile libuku la maneno. Usiondoke! Nipe dakika tatu tu, nikikuchosha nenda salama.

Tuko Seoul miaka ya 1940, Mjapani ndiye mtawala. Shuleni Kikorea kimeshaondolewa, watoto wanafundishwa kwa Kijapani, na wakubwa wanabanwa waache majina yao wachukue ya Kijapani. Sasa kuna jamaa anaitwa Pan-su, anachezwa na Yoo Hae-jin. Mtoto wa mjini, jela ameshaionja, na hajui kusoma. Ada ya mwanawe imemkaba koo, akaona dawa ni kukwapua begi la mtu stesheni. Kumbe ndani ya begi hakuna hata senti, ni makaratasi matupu. Mswada wa kamusi! Mwenye begi ni Jeong-hwan, Yoon Kye-sang huyo, msomi, uso umekunjwa muda wote, anaongoza chama cha lugha. Baadaye mwizi na mwenye mali wanajikuta ofisi moja, kwa sharti kwamba mwizi ajifunze herufi.

Hapo kwenye kujifunza herufi, jamani. Siku Pan-su anapoanza kuelewa, anatembea barabarani anasoma mabango ya maduka kwa sauti, moja baada ya jingine, kama mtoto wa chekechea kwenye dirisha la daladala. Halafu usiku anashika hadithi fupi, anaisoma polepole peke yake, anaanza kulia. Libaba zima! Nilisimamisha muvi nikaenda kunywa maji.

Haya, sasa niwape kilichonikera, maana nimekibeba tangu Jumanne.

Mara ya kwanza niliipata hii muvi kibandani, nikawekewa kwenye flashi kwa buku, ikiwa imetafsiriwa. Sina ugomvi na muvi za kutafsiriwa, nimekua nazo, nusu ya utani wangu nimeokota kwa ma-DJ, wale wanaozitafsiri kwa sauti zao. Lakini huyu! Imefika sehemu tamu kuliko zote. Wanachama wamekwama, wanahitaji maneno ya kila jimbo na muda umekwisha, polisi wako nyuma yao. Pan-su anatoka, anarudi na wenzake wa jela. Kumi na wanne! Wezi, wahuni, kila mmoja katoka pembe yake ya nchi, wanapangwa mbele ya wasomi, wanaulizwa: hiki kwenu mnakiitaje? Na hiki je? Yaani uti wa mgongo wa muvi uko pale. DJ wangu akasema, namnukuu, "Hapa wanabishana mambo yao ya lugha, tuwaache, twende kwenye ngumi." Akaruka! Muvi ya maneno, wewe unaruka maneno?

Ikabidi nikakodi mtandaoni, yenye maandishi ya Kiingereza chini. Imenitoka zaidi ya mara kumi ya ile buku, na bando juu yake. Saa mbili na robo. Sijutii.

Sasa njoo kwenye kandambili. Sogea, kamera isogee. Hiki mimi nakiita kandambili. Tuliosoma nao bweni kutoka bara walikuwa wanasema malapa. Wengine ndala. Dada yangu anasema yeboyebo, na ukimwambia yeboyebo ni zile nyingine za plastiki mnagombana mpaka futari. Vuka mpaka uingie Kenya, utasikia patipati, utasikia slipa. Nenda Zanzibar kuna watu watakwambia champali. Kitu ni kimoja, mpira na kamba mbili. Wewe ndiye mtunga kamusi, karatasi iko mbele yako. Unaandika lipi kwa wino mzito, na lipi unalisukumia chini kwa herufi ndogo eti "pia tazama"? Na yule ambaye neno lake umelisukumia chini, utamtazama usoni?

Ndicho wale wezi kumi na wanne wanachofanya pale. Kila mtu analeta la kwao, wanacheka, wanazomeana, na mzee anaandika kadi moja moja kwa mkono. Chini ya duka la vitabu wana stoo nzima ya karatasi hizo. Baadaye wanaitisha mkutano wa siri ndani ya jumba la sinema, walimu kutoka kila kona ya nchi, kuamua neno lipi liwe sanifu. Mkutano wa kamusi, nami nimekaa ukingoni mwa kiti kama naangalia penalti!

Na mjue hawajatunga kila kitu. Pan-su na Jeong-hwan ni wa kubuni, ila chama kilikuwepo. Kazi ya kamusi ilianza mwaka 1929. Oktoba 1942 Mjapani akaanza kuwakamata, watu 33 wakaingizwa kwenye kesi ile, wawili wakafia gerezani. Mswada ukachukuliwa kama ushahidi, ukapotea. Nchi inapata uhuru Agosti 1945, wanautafuta, hawauoni. Septemba ndiyo unakutwa kwenye ghala la stesheni ya Seoul, karatasi zaidi ya 26,000, zimekaa tu kwenye masanduku. Juzuu ya kwanza ikatoka mwaka 1947, ya sita mwaka 1957. Maneno 164,125. Jina la muvi nalo lina historia yake: Malmoe maana yake ni kukusanya maneno, na ndivyo lilivyoitwa jaribio la kamusi lililoanza mwaka 1911 likakwama mkuu wake alipofariki.

Hapo nikaanza kuwaza ya kwetu. Kule mkoloni anafunga watu kwa sababu ya kamusi. Huku kwetu mkoloni ndiye aliyeitisha kikao, Mombasa hapo hapo, mwaka 1928, wakachagua Kiunguja kiwe sanifu. Mwenyeji wa Mvita anayesema ndia na mato akaambiwa ni njia na macho, asante kwa chai. Muvi yake iko wapi? Nani anaigiza? Watengenezaji wa muvi, nawaangalia.

Kuna watakaoniambia mbona hukuongelea ile ya Mel Gibson na Sean Penn, ya kamusi ya Oxford? Ilitoka mwaka huo huo wa 2019. Nimeiona. Sean Penn kachanganyikiwa vizuri sana, ndevu mpaka kifuani, ila muvi yenyewe ilizaliwa kwenye ugomvi. Walipelekana mahakamani kuhusu nani ana sauti ya mwisho, mwongozaji Farhad Safinia jina lake halisi halimo, wameweka la bandia. Halafu wakaingiza mapenzi kati ya muuaji, huyo huyo Sean Penn, na mjane wa aliyeuawa. Jamani. Ile ya Wakorea angalau inajua inapenda nini, inapenda maneno.

Lakini sitaipaka mafuta. Nusu saa ya mwisho, mwongozaji Eom Yu-na anazidisha chumvi. Muziki unapanda, watu wanakimbia, kila anayekaribia kufa anapata hotuba. Huyu mama ndiye aliyeandika muvi ya A Taxi Driver, kule alijua kujizuia. Polisi wa Kijapani nao ni wabaya wa katuni, wanakunja uso tangu wanaingia. Baba yake Jeong-hwan, mwalimu mkuu aliyepigania nchi zamani halafu akageuka upande wa Mjapani, ndiye mtu wa kuvutia kweli, na kapewa dakika chache sana.

Kuanzia hapa ziba masikio kama hujaiona. Kibandani tulifundishwa steringi hafi. Hapa steringi anakufa! Pan-su anakimbia na mswada, anapigwa risasi, ila kabla ya hapo keshaficha begi. Nilisema muziki umezidi, eti? Nilisema. Na nililia. Mama aliyekuwa anapita kwenda jikoni kaniuliza nani kafa, nikamwambia mwizi mmoja wa Korea. Akakaa. Hakuondoka mpaka mwisho.

Kwa hiyo nipime vipi? Nilikuwa nimeandika saba juu ya kumi. Wakati naongea imekuwa nane. Na kwa yale aliyoyaruka DJ, siondoi alama kwenye muvi, naziondoa kwa DJ.

La chaneli ni moja tu: taa mpya nimeshaagiza, kwa hiyo wanaolalamika uso wangu una kivuli, vumilieni wiki mbili. Na wenzangu mnaochambua muvi kwa sekunde sitini mkiwa mnatembea barabarani, nawaheshimu, ila siwezi.

Niandikieni hapo chini, hiki kwenu mnakiitaje, na mseme mnatoka wapi, nakusanya. Nasikia mlango. Mama anatafuta ya kushoto, ngoja nikairudishe.