Konokono wa Kuokota Ufukweni: Wa Chini ya Mwamba Ndio Wanaofaa Tangini

Mtu anayefuga samaki wa maji ya chumvi nyumbani hachelewi kuona kioo cha tangi lake kikifunikwa na utando wa kahawia, kisha wa kijani, na akiwa anaishi Dar es Salaam wazo la kwenda kuokota konokono ufukweni maji yanapokupwa humjia lenyewe. Nimewatumia konokono hao kwa muda wa kutosha kuwatolea hukumu, nami naona kuwa wanafanya kazi nzuri mno kwa kitu kisicho na bei, ilimradi mwokotaji ajue amewatoa ngazi gani ya mwamba.

Suala la ngazi ndilo linaloamua karibu kila kitu. Kwenye miamba ya matumbawe ya kale upande wa Kigamboni, konokono wanaoonekana kwanza ni wale wa juu: Nerita plicata, mweupe mwenye mikunjo iliyozunguka gamba, na Nerita textilis, ambaye gamba lake la weusi na weupe linafanana na kamba iliyosokotwa. Ni wazuri wa kutazama na ni rahisi kuwabandua, lakini maisha yao ni ya kurushiwa maji na mawimbi, si ya kukaa ndani ya maji. Ukiwatia tangini hupanda kioo usiku huohuo, hujibandika chini ya mfuniko juu ya usawa wa maji, na pasipo mfuniko utawakuta sakafuni nyuma ya kabati. Kwa kazi ya kusafisha, hao siwapendekezi hata kidogo.

Anayefaa ni Nerita albicilla, anayeishi chini zaidi, upande wa chini wa mawe ambayo hubaki na unyevu hata maji yakiwa yamepwa. Gamba lake ni bapa, mdomo wake ni mpana, na sehemu bapa iliyo kando ya mdomo ina vipele vidogo unavyoweza kuvihisi kwa kidole. Huyu hutulia majini, na mtu akisogeza uso karibu na kioo ataona kinywa chake kikifunguka na kufumba, ulimi wenye meno ukikwangua, na nyuma yake ikibaki njia safi iliyopindapinda katikati ya utando. Hali mwani mrefu wenye nyuzi, kwa hiyo asitarajiwe kuokoa tangi lililokwisha kuwa kichaka. Kasoro yake nyingine ni mayai: vidoa vyeupe, vigumu, anavyovibandika kwenye kioo, kwenye mawe na hata mgongoni mwa wenzake. Watoto wake huanza maisha wakielea, na katika tangi la nyumbani hawafiki popote, hivyo vidoa hivyo ni vya kukwangua kwa wembe tu, na kwa mwenye kupenda kioo kisicho na doa hilo ni karaha ya kudumu.

Kwa mchanga ninawasifu zaidi konokono wembamba wenye gamba lililochongoka wa jamii ya Cerithium, wanaopatikana kwenye vidimbwi vya mchanga. Hujifukia mchana, hutoka usiku, na huugeuza mchanga bila kuangusha chochote.

Wapo wasiopaswa kuguswa. Konokono yeyote mwenye umbo la pia, wa jenasi ya Conus, aachwe alipo, maana hurusha jino lenye sumu kama mshale. Conus geographus ameua watu, na dawa ya kuvunja sumu yake haipo. Konokono wa jenasi ya Drupella naye hula matumbawe, kwa hiyo mwenye matumbawe hai tangini asimkaribishe.

Katika kuwahamisha, sisi wa pwani ya joto tuna nafuu kubwa: maji ya tangi la kitropiki na ya bahari yetu yanakaribiana kwa joto, na chumvi ni takriban gramu 35 kwa lita pande zote mbili. Hata hivyo vidimbwi vilivyopigwa na jua au mvua hubadilika sana, hivyo ni vyema kudondosha maji ya tangi polepole ndani ya ndoo kwa saa moja hivi, kisha kuwaweka konokono kando kwa siku kadhaa ili aliyekufa ajulikane kwa harufu kabla hajachafua maji ya samaki. Tangi lililowahi kutiwa dawa yenye shaba halifai kabisa, kwani shaba huwaua. Siokoti karibu na mdomo wa Mto Msimbazi, hasa baada ya mvua, kwa sababu ya uchafu wa mji. Visiwa vya Bongoyo na Mbudya navyo ni hifadhi za bahari tangu 1975, na huko hata kombe tupu libaki mahali pake.

Idadi iwe ndogo. Kwa tangi la lita 100, watano au sita wa Nerita albicilla wanatosha, kwa kuwa wakimaliza utando huanza kufa njaa kimyakimya, na chakula cha samaki cha punje hawakijali. Kipande cha mwani mkavu kilichobanwa kwenye kioo huwasaidia baadhi yao. Aliyeshindwa kuwalisha asiwarudishe baharini baada ya kukaa na samaki walioagizwa kutoka nje, maana huenda wakabeba ugonjwa. Awape mfugaji mwenzake mwenye kioo kichafu, na hao hawakosekani.