Tathmini ya kifurushi cha graphicx: kuweka picha ni rahisi, kuzibadilisha ndiko kwenye kazi

Anayeandika tasnifu, ripoti au kitabu kwa LaTeX, mfumo wa kupanga waraka kwa amri zilizoandikwa, hana budi kukutana na graphicx, kifurushi kilichoundwa na David Carlisle na Sebastian Rahtz, ambacho hutolewa bure pamoja na LaTeX yenyewe na ndicho kinacholeta amri ya \includegraphics. Kwa maoni yangu, kazi yake ya msingi, yaani kuipokea picha, kuipima na kuiweka mahali pake, kinaifanya kwa ustadi ambao ni vigumu kuutia dosari. Matatizo mengi ambayo watumiaji hukilaumu kwayo yanatokana na ubadilishaji wa faili, na huo, kadiri inavyowezekana, ni bora umalizike kabla waraka haujaanza kuchakatwa.

Kinachonifurahisha zaidi ni kwamba vipimo huweza kuandikwa kwa kulinganisha na upana wa maandishi. Ukiandika width=0.8\linewidth, picha itajirekebisha yenyewe hata ukihamia kwenye ukurasa wa safu mbili, jambo ambalo vipimo vya sentimita haviwezi kukufanyia. Ipo hata hivyo tabia moja inayomshangaza mgeni: vigezo husomwa kuanzia kushoto kwenda kulia. Kwa hiyo angle=90,width=5cm huigeuza picha kwanza kisha ikaipa upana wa sentimita tano, ilhali width=5cm,angle=90 huipa upana huo kabla ya kuigeuza, na matokeo yake ni picha yenye urefu wa sentimita tano kwenda juu. Mantiki yake ni safi, ila anayeiona mara ya kwanza hudhani kifurushi kimeharibika.

Kuhusu aina za faili, jibu hutegemea injini unayotumia, yaani programu inayouchakata waraka. Njia ya zamani, ya latex ikifuatiwa na dvips, huhitaji EPS, aina ya zamani ya faili za michoro. PdfLaTeX, inayotoa PDF moja kwa moja, hupokea PDF, PNG na JPEG, wala haiielewi EPS moja kwa moja. GIF, TIFF na WebP hazipokelewi na pdfLaTeX, na sioni hasara kubwa katika hilo, kwa kuwa kuzigeuza ziwe PNG ni kazi ya amri moja tu ya ImageMagick, programu ya kubadilisha picha.

Pengo la EPS huzibwa na epstopdf, kifurushi cha kugeuza EPS kuwa PDF, ambacho katika TeX Live (mkusanyiko wa programu za LaTeX) ya kuanzia 2010 huanza kufanya kazi chenyewe na kuitumia programu ya Ghostscript kimyakimya. Faili mchoro.eps huzaa mchoro-eps-converted-to.pdf, na ndiyo inayowekwa kwenye waraka. Mpango huu hufanya kazi vizuri kwenye kompyuta yako mwenyewe. Kasoro zake hujitokeza pale folda isiporuhusu kuandikwa, Ghostscript isipokuwepo, au mfumo unapozuia LaTeX kuendesha programu nyingine. Hapo ujumbe wa kosa husema faili haikupatikana, huku wewe ukiiona mbele ya macho yako. Kifurushi cha svg, kinachoweka michoro ya SVG, kinadai zaidi: lazima programu ya kuchora ya Inkscape iwepo, na lazima uruhusu -shell-escape, yaani LaTeX iendeshe programu nyingine yoyote, ruhusa ambayo singependa kuitoa kwa waraka ulioandikwa na mtu nisiyemjua. Mchoro wa SVG ni afadhali uugeuze kuwa PDF mara moja kwa Inkscape au rsvg-convert, kisha uusahau.

Katika kubadilisha, kosa linalogharimu zaidi ni kuugeuza mchoro wa vekta, yaani wa mistari na maumbo unaokuzwa bila kuharibika, kuwa pikseli bila sababu. ImageMagick ikipewa PDF huisoma kwa nukta 72 kwa inchi usipoiagiza vingine, na grafu iliyokuwa na mistari mikali hutoka ikiwa na ukungu. Kinyume chake nacho hakisaidii: JPEG iliyofungwa ndani ya EPS hubaki pikseli zilezile, mara nyingi katika faili kubwa zaidi. Grafu na michoro na ibaki PDF. Picha za kamera ziwe JPEG, ambazo pdfLaTeX huzinakili bila kuzibana upya. Picha za skrini ziwe PNG, maana JPEG huacha madoa kuzunguka herufi. Kwa uchapishaji, picha ya pikseli 1200 ikiwekwa kwa upana wa sentimita 10 hutoa takriban nukta 300 kwa inchi, kiwango kinachotosha. PNG zenye uwazi huchelewesha uchakataji kwa sababu pdfLaTeX hulazimika kuzifungua na kuzipanga upya, hivyo uwazi usiohitajika uondolewe mapema.

Mwenye picha nyingi atalishukuru chaguo la draft, linaloweka fremu tupu yenye jina la faili mahali pa kila picha, vipimo vikibaki vilevile. Naliona kuwa zana bora ya kifurushi hiki wakati wa kusahihisha maandishi.