Radon katika mfumo wa ankara uliokuwa haugusiki: uzoefu wangu wa miezi 14

Kwa miezi 14 sasa nimekuwa nikitumia Radon, programu huria inayopima uchangamano wa msimbo ulioandikwa kwa lugha ya programu ya Python, katika mfumo wa kutoa ankara ambao mimi na wenzangu wawili tulikabidhiwa baada ya walioujenga kuondoka. Mfumo wenyewe ulikuwa na umri wa miaka saba na mistari ipatayo 38,000, na kazi yake ulikuwa ukiifanya. Shida ni kwamba hakuna aliyethubutu kuugusa. Ukirekebisha punguzo la mteja wa jumla, kodi ya mteja wa rejareja inabadilika. Ukiongeza aina mpya ya huduma, ankara za mwezi uliopita zinachapishwa zikiwa na tarehe isiyo yake. Kazi ya nusu siku ilikuwa ikimeza wiki nzima, na sehemu kubwa ya wiki hiyo ilikwenda katika kusoma tu, kabla hata ya kuandika mstari mmoja.

Sote watatu tulikubaliana kwamba msimbo ulihitaji kupangwa upya. Tulichoshindwa kukubaliana ni mahali pa kuanzia, kwa sababu kila mmoja alikuwa na faili lililomtesa siku za karibuni na aliamini kwa dhati kuwa hilo ndilo bovu kuliko yote. Baada ya vikao viwili vya kuvutana niliona kwamba tunajadili uchovu wetu badala ya kuujadili msimbo, nikaamua kutafuta kipimo kisichojua nani kachoka.

Kuisakinisha hakuna cha kusimulia: ni amri moja ya `pip`, kisakinishi cha Python, na haikuhitaji kubadili chochote katika mradi. Amri ya `radon cc` hupita katika kila faili na kuipa kila fankisheni, yaani kipande cha msimbo chenye jina na kazi yake, namba ya uchangamano pamoja na herufi: 1 hadi 5 ni A, 6 hadi 10 ni B, 11 hadi 20 ni C, 21 hadi 30 ni D, 31 hadi 40 ni E, na kuanzia 41 kwenda juu ni F. Hapo ndipo nilipofanya kosa la kwanza, ambalo nalieleza ili msomaji aliepuke. Niliomba wastani wa mfumo mzima, nikaonyeshwa A, 3.8. Ningeishia hapo, ningewaambia wenzangu kwamba mfumo ni mzima na sisi ndio wavivu. Ukweli ni kwamba mfumo wowote wa ukubwa huo una mamia ya fankisheni ndogondogo zinazorudisha thamani moja tu, na wingi wake unazizamisha zile chache zinazoumiza. Nilipoamuru Radon ionyeshe za daraja la D na mbaya zaidi peke yake, zilitoka 11. Ya kwanza katika orodha ilikuwa ndiyo inayoandaa ankara: F, 74.

Namba hiyo inatokana na kipimo alichokipendekeza Thomas McCabe mwaka 1976, na ni vizuri kuelewa inavyohesabiwa kabla ya kuiamini au kuibeza. McCabe aliutazama msimbo kama ramani ya njia: kila mahali ambapo programu inaweza kushika njia hii au ile, uchangamano unaongezeka kwa moja. Chukua fankisheni ya punguzo tuliyokuwa nayo. Unaanza na 1, kwa kuwa hata msimbo usio na njia panda una njia yake moja. Ina sharti la `if` linalouliza kama mteja ni wa zamani `and` jumla imepita kikomo. `If` inaongeza 1 na `and` inaongeza 1, tumefika 3. Halafu unakuja mzunguko wa `for` unaopitia bidhaa, 4, na ndani yake `if` nyingine inayoruka bidhaa zisizo na punguzo, 5. `else` haiongezi kitu, kwa sababu njia yake ilikwisha kuhesabiwa pamoja na `if`. Basi fankisheni hiyo ni 5, daraja A, na kwa kweli inasomeka bila taabu.

McCabe mwenyewe alipendekeza 10 kama kikomo cha busara. Zaidi ya hapo, namba hii ina maana ya vitendo ambayo kwangu ilikuwa ndiyo faida ya kwanza ya kweli: ndiyo idadi ya njia zinazojitegemea, kwa hiyo ndiyo idadi ya majaribio unayohitaji ikiwa unataka kila njia ya msingi ipitiwe walau mara moja. Fankisheni yetu ya 74 ilikuwa na majaribio 6. Niliposema hivyo kikaoni, mabishano kuhusu pa kuanzia yalikwisha siku hiyohiyo, na kwa mara ya kwanza hofu yetu ikawa na sababu inayoweza kuandikwa kwenye karatasi.

Hata hivyo, kipimo hiki hakioni kila kinachomsumbua msomaji, na hili nitalieleza kwa urefu kwa sababu ndilo linalowakatisha watu tamaa. Tulikuwa na fankisheni moja inayogeuza misimbo ya aina za malipo kuwa majina: `if` moja na `elif` ("au kama") 11, zimepangwa moja chini ya nyingine, kila moja ikirudisha neno. Radon iliipa 13, daraja C. Mtu yeyote anaielewa kwa mtazamo mmoja. Pembeni yake kulikuwa na fankisheni ya kulinganisha malipo na ankara: `for`, ndani yake `while`, ndani yake `if` yenye `and`, na ndani kabisa `if` nyingine inayobadilisha orodha ileile ambayo mzunguko wa nje unaipitia. Hiyo ilipata 6, daraja B, na ilinichukua siku mbili kuielewa. Kwa McCabe, njia panda ni njia panda, iwe barabarani au chini ya ngazi nne za shimo. Ndiyo maana kampuni ya SonarSource ilibuni kipimo kingine cha uchangamano wa kueleweka, ambacho huongeza adhabu kadiri sharti linavyozama ndani ya sharti jingine, na huhesabu `switch` nzima, yaani msururu wa chaguo katika lugha nyingine, kama moja tu. Radon haina kipimo hicho, na ninaamini ni upungufu halisi. Tangu wakati huo, kila faili la herufi nzuri ambalo watu wanalilalamikia nalisoma kwa macho yangu.

Upande wa pili wa Radon ni amri ya `radon mi`, inayotoa alama moja ya urahisi wa kutunza kila faili. Hii sikuipenda na nimeacha kuitumia. Alama hiyo inachanganya ujazo wa msimbo kwa hesabu za Halstead (zinazohesabu alama na majina yaliyotumika), uchangamano wa McCabe, idadi ya mistari, na asilimia ya maelezo yaliyoandikwa ndani ya msimbo, kwa vizidishi ambavyo chimbuko lake ni utafiti wa Oman na Hagemeister wa mwaka 1992. Nilifanya jaribio dogo: nilichukua faili moja baya, nikaliongezea mistari ya maelezo isiyosema lolote, na alama ikapanda. Hakuna aliyesaidiwa na mistari ile. Pia alama ikishuka, huelezwi ni kipi kati ya vitu hivyo vinne kimeharibika, na mwandishi wa programu anabaki na masikitiko tu mkononi.

Kilichoifanya Radon iwe ya thamani kubwa kwetu ni kuiweka kando ya historia ya Git, programu inayotunza kumbukumbu ya kila badiliko la msimbo. Nilihesabu kila faili limebadilishwa mara ngapi katika miezi 12 iliyopita, kisha nikaweka hesabu hiyo karibu na orodha ya zile fankisheni 11. Nne kati yake zilikuwa katika faili tunazozigusa karibu kila wiki. Saba zilizobaki zilikuwa katika msimbo uliotulia, baadhi haujaguswa kwa miaka. Msimbo mbaya ambao hakuna anayeufungua haumgharimu mtu kitu leo, na kuupanga upya ni kuuingizia hatari bila faida. Orodha yetu ya kazi ikashuka kutoka 11 hadi 4, na nne ni kazi ambayo watu watatu wanaweza kuimaliza bila kusimamisha mambo mengine.

Tulianza na ile ya 74. Kabla ya kugusa chochote tulichukua ankara 300 za zamani, tukazipitisha katika msimbo ule kama ulivyo, tukahifadhi matokeo yake yote, hata yale tuliyoyashuku kuwa na makosa. Kila tulipohamisha kipande, tulizipitisha tena na kulinganisha herufi kwa herufi. Siku ya nne, ankara 9 zilitofautiana na za awali kwa 0.01. Tulitafuta mchana kutwa. Kumbe msimbo wa zamani ulikuwa ukikadiria desimali mara mbili, mara ya kwanza kwenye kila mstari wa ankara na mara ya pili kwenye jumla, nasi tulipotoa hesabu ya kodi kuwa fankisheni inayojitegemea tuliufuta ukadiriaji wa kwanza tukidhani ni wa ziada. Tuliurudisha. Kama ukadiriaji ule ni sahihi au la ni swali la watu wa hesabu, na tuliwapelekea likiwa peke yake, baada ya kazi ya kupanga upya kwisha; mambo hayo mawili yakichanganywa katika badiliko moja, hutajua tena ni lipi lililoleta tofauti.

Mbinu zenyewe zilikuwa za kawaida. Masharti ya kukataa tuliyapandisha juu ili fankisheni irudi mapema badala ya kuzama, vipande vyenye kusudi moja tulivipa majina yake, na ule msururu wa masharti ya aina za wateja tuliugeuza kuwa kamusi ya Python, yaani jedwali linalooanisha jina na thamani yake. Fankisheni kuu ilishuka kutoka 74 hadi 9. Lakini nisingependa namba hiyo isomwe peke yake. Kila fankisheni mpya inaanza na 1 yake, kwa hiyo ukigawanya tu bila kuondoa chochote, jumla ya uchangamano inapanda. Sisi tulipata fankisheni 14 zenye jumla ya 58, na ile tofauti kutoka 74 haikuletwa na kugawanya. Ililetwa na masharti yaliyorudiwa sehemu tatu ambayo tuliweza kuyaona baada tu ya kuyaweka mahali pamoja.

Namba pia inaweza kuridhishwa bila msimbo kuwa bora, na hili lilitokea kwetu kwa nia njema kabisa. Mwenzetu alikuwa na fankisheni ya 22, akaikata katikati, na nusu ya pili ikawa inapokea vigeugeu (majina yanayobeba thamani) saba kutoka ya kwanza. Zote mbili zikapata C badala ya D. Tulipoketi kuisoma pamoja ilibidi turuke huku na huko kati ya faili mbili ili kujua kigeugeu cha tano kimetoka wapi. Tuliirudisha ilivyokuwa na kuigawanya upya kwa kufuata maana: kwanza kukusanya data, kisha kuamua, mwisho kuandika. Radon haiwezi kutofautisha ugawaji huo wa aina mbili, na sidhani kama ni haki kuidai iweze.

Ili hali isirudi ilipokuwa, tuliongeza Xenon, programu inayotumia hesabu za Radon na kuzuia badiliko lisipite ikiwa kikomo kimevukwa. Tuliweka kikomo kikali tangu siku ya kwanza na kila kitu kikakwama, hata marekebisho ya mstari mmoja, kwa sababu ya fankisheni za zamani ambazo hatukuwa na mpango nazo. Ushauri wangu ni kuanza na kikomo ambacho msimbo wako wa leo haukivuki, kisha kukikaza kidogo kidogo kadiri kazi inavyokwisha.

Mengine kwa ufupi. Ni ya haraka, ni ya bure, na leseni yake ni ya MIT. Matokeo unaweza kuyatoa kwa JSON, muundo wa data unaosomwa na programu nyingine, ukayachakata upendavyo, ila haina skrini nzuri ya kumwonyesha meneja. Faili zetu chache za zama za Python 2 ilishindwa kuzisoma hadi tulipozihamisha. Haitambui msimbo ulionakiliwa kutoka sehemu moja hadi nyingine. Haisomi lugha nyingine. Kwa sehemu yetu ya JavaScript tunatumia Lizard, inayosoma lugha nyingi lakini hesabu zake ni zilezile za McCabe na macho yake yana upofu uleule.

Ninaipa nyota 4 kati ya 5, na ile moja iliyopungua ni ya kutokuona kuzama kwa masharti. Kati ya zile fankisheni nne za orodha yetu, tatu zimekwisha. Ya nne ni D, 23, na wiki hii mmoja wetu ameanza kuikusanyia ankara za kulinganisha. Zile saba bado ziko palepale, hazijaguswa, na kila miezi mitatu nazihesabu tena katika Git kuona kama ipo iliyoamka.