Kengele Moja kwa Kila Jina: Huduma ya Kuwakumbuka Marehemu katika Mkutano wa Wanamaji Wastaafu, Norfolk

Kampuni ninayoitathmini hapa, ambayo jina lake nitalihifadhi, inafanya kazi moja tu, nayo ni kuwaandalia wastaafu wa majeshi ya Marekani mikutano yao ya kila mwaka, kuanzia vyumba vya hoteli na mabasi hadi chakula cha usiku wa mwisho. Nilikaa siku tatu chini ya huduma yake mjini Norfolk, jimbo la Virginia, nikimsindikiza baba mkwe wangu, ambaye katika miaka ya 1960 alihudumia boila za manowari moja ambayo leo haipo tena, kwa kuwa ilikwisha kukatwakatwa na kuuzwa kama chuma chakavu. Wengi wanaotathmini huduma za namna hii hutazama vitanda na kifungua kinywa. Mimi naipima kwa saa moja ya Jumamosi asubuhi, saa ya kuwakumbuka waliokufa, kwa sababu hiyo ndiyo iliyomtoa nyumbani mzee aliyepita miaka themanini, na mengine yote, pamoja na hayo mabasi, yalikuwa njia ya kumfikisha hapo.

Nianze na yaliyo mazuri, maana yapo. Mabasi yalifika kwa wakati, yakiwa na mashine ya kupandishia viti vya magurudumu, na madereva hawakumharakisha mtu. Beji za kifuani zilikuwa na jina kwa herufi kubwa, kazi ya mtu melini na miaka aliyokuwa humo; jambo hili laweza kuonekana dogo, lakini kwa watu walioachana wakiwa vijana na sasa sura zimebadilika, ile miaka miwili iliyoandikwa chini ya jina ndiyo inayofanya utambulisho. Kilichonifurahisha zaidi ni chumba cha mazungumzo, ambacho kampuni ilikiacha wazi hadi usiku wa manane, na ndani yake meza moja ilitengwa kwa albamu ya marehemu. Kila marehemu alikuwa na picha mbili, moja ya ujana, amevaa kofia nyeupe ya baharia, na nyingine ya uzeeni.

Katika meza hiyo baba mkwe aliniita, akaniwekea kidole juu ya picha ya mtu mwembamba mwenye masikio makubwa, akanieleza kwamba huyo ndiye aliyemfundisha kutembea ndani ya chumba cha boila akiwa ametanguliza mpini wa fagio mbele yake. Mvuke wa moto mkali unapovuja kwenye bomba hauonekani kwa macho, unausikia tu ukilia, na mkono ukiupitia umekwisha. Afadhali mvuke ukate mpini. Alisema hivyo akiwa amenyoosha mkono mtupu mbele yake, akiupitisha taratibu hewani kama bado ameshika fagio. Hakuna programu iliyopanga dakika hiyo. Hata hivyo kampuni inastahili sifa kwa kuweka meza, taa ya kutosha na viti vya kukalia, kisha kuondoka.

Sasa niingie kwenye ibada yenyewe, ambayo kiini chake ni kengele. Zamani melini, kabla ya kila baharia kuwa na saa ya mkononi, muda ulihesabiwa kwa kengele: mlio mmoja baada ya nusu saa, miwili baada ya saa nzima, hivyo hivyo hadi minane, ambapo zamu yenye urefu wa saa nne imekwisha na mwingine anaingia. Ndiyo maana wanamaji husema juu ya mwenzao aliyefariki kwamba amegongewa kengele nane, na ndiyo maana mwisho wa ibada marehemu huambiwa kwamba apumzike, zamu yake imepokewa na waliobaki. Kengele hiyo hiyo, ikipinduliwa na kutiwa maji, imetumika kubatizia watoto wa mabaharia, na majina ya watoto hao yakachongwa upande wake wa ndani. Manowari inapostaafishwa, kengele haigawiwi mtu; inabaki kuwa mali ya jeshi la wanamaji, ambalo linaweza kuiazimisha kwa makumbusho au kwa mji ambao meli ilibeba jina lake. Chama kidogo kama cha baba mkwe, chenye wanachama wanaotosha mabasi mawili, hakina kengele ya meli yake, na kampuni ilikuwa imeahidi kwa maandishi kwamba itaileta moja.

Ilileta kompyuta yenye sauti ya kengele iliyorekodiwa. Tuliisikia wakati wa mazoezi, saa mbili asubuhi, na kwa haki sauti yenyewe haikuwa mbaya. Tatizo ni kwamba mlio wa kengele ya shaba haukatiki. Unapungua hewani mpaka usijue umekoma lini, na msomaji mwenye busara husubiri mpaka hapo ndipo ataje jina linalofuata. Huu wa kompyuta ulidumu sekunde tatu, ukakatika kama mlango uliofungwa na upepo. Wazee walitazamana. Mmoja wao, aliyekuwa mtu wa ishara na bendera, alitoka bila kusema neno hadi kwenye maegesho, akarudi na kengele ya shaba iliyofungwa ndani ya taulo, ambayo kumbe aliitoa kwenye baraza ya nyumba yake kabla ya safari. Alipoulizwa alijuaje kwamba itahitajika, alijibu kwamba hii si kampuni ya kwanza.

Kengele ikapatikana, lakini majina yakabaki mikononi mwa mshereheshaji wa kukodiwa, mtu mwenye sauti nzuri ambaye ilikuwa dhahiri hakuipitia orodha hata mara moja. Majina yenye asili ya Poland aliyameza nusu. Kisha akafika kwa Wafilipino. Kwa wasiojua historia hii, baada ya mkataba wa kambi za kijeshi wa mwaka 1947 Marekani ilikuwa ikiwaandikisha raia wa Ufilipino katika jeshi lake la wanamaji, na hadi mwanzoni mwa miaka ya 1970 iliwaruhusu kazi moja tu, ya kuwapikia na kuwahudumia maofisa. Watu hao walikula chumvi ya bahari ile ile, walikuwa kwenye vituo vyao vya hatari kengele ya vita ilipolia, na sasa mmoja wao alikuwa anasomwa miongoni mwa marehemu kwa jina la silabi tano, kila silabi ikiishia kwa irabu kama maneno yetu, jina ambalo mtoto wa darasa la kwanza Tanga angelisoma bila kusita. Mshereheshaji alilijaribu mara mbili, akacheka kidogo, akasema samahani, akasonga mbele. Kutoka safu ya tatu mzee mmoja, Mfilipino naye, alisimama akiegemea kiti cha mbele yake, akalitaja jina lote polepole, la kwanza hadi la ukoo. Mwenye kengele hakusubiri kuambiwa. Akagonga upya.

Kwetu Tanga dua ya hitima haiombwi mpaka vikaratasi vya majina ya marehemu vimekusanywa, vikipitishwa mkono kwa mkono kutoka safu za nyuma hadi kwa shehe, na shehe akikwama kwenye mwandiko humwinamia mwenye karatasi akamuuliza, bin nani? Watu hungoja. Sijawahi kumwona anayetazama saa wakati huo, na sidhani kama kuna anayekumbuka sahani ya pilau ilikuwa na nyama kiasi gani ikiwa jina la baba yake limesahauliwa. Kampuni inayolipwa kwa kazi hii ingeweza kabisa kuwapigia simu ndugu wa marehemu kumi na tisa kuuliza jina linatamkwaje.

Kosa jingine lilitokea usiku, kwenye chakula cha kuagana. Karibu na jukwaa iliwekwa ile meza ndogo ya duara inayojulikana na askari wote wa Marekani: kitambaa cheupe, ua moja la waridi jekundu, kipande cha limau kwenye sahani, chumvi kidogo, mshumaa, glasi iliyopinduliwa na kiti kisicho na mtu. Kila kitu hapo kina maana yake. Limau ni uchungu wa hatima ya wasiorudi kutoka vitani, chumvi ni machozi ya wanaowangoja, glasi imepinduliwa kwa sababu hawawezi kunywa pamoja nasi. Mhudumu wa hoteli, kijana mwenye adabu aliyekuwa na meza nyingi za kuhudumia, alipita akaigeuza glasi, akaijaza maji ya barafu, akaweka na kikapu cha mikate. Sikumlaumu hata kidogo, kwa kuwa alifanya alichofundishwa kufanya anapoona kiti na glasi. Aliyepaswa kumweleza alikuwa mlangoni akihesabu tiketi za bahati nasibu. Baba mkwe aliinuka, akayamimina yale maji kwenye glasi yake mwenyewe, akaifuta ile nyingine kwa kitambaa cha mkononi, akaipindua tena mahali pake, kisha akaubeba ule mkate akaja nao mezani kwetu, tukaula.

Jambo ambalo kampuni haikulielewa ni kwamba meza hiyo ni ya mateka na waliopotea vitani, na desturi yake ilianza kwa marubani wa vita vya Vietnam. Si meza ya kila marehemu. Mtu aliyefariki kitandani mwake Ohio akiwa amezungukwa na wajukuu hana nafasi kwenye kiti kile, na kumweka hapo ni kuwapunguzia wale ambao kweli hawakurudi. Wanamaji wenyewe huwa makini sana na tofauti hizi. Wastaafu wa nyambizi, kwa mfano, huzigongea kengele nyambizi zenyewe, wakitaja 52 zilizopotea katika Vita Kuu ya Pili, na mabaharia wake husemwa kwamba bado wako doria, kwa kuwa hakuna aliyewaona wakimaliza zamu.

Kuhusu ziara, natoa tahadhari kwa Waswahili wenzangu. Ratiba ya Ijumaa ilikuwa kwenda kambi ya wanamaji ya Norfolk, iliyo kubwa kuliko zote duniani, ambako kuna kumbukumbu ya mabaharia 17 wa manowari USS Cole waliouawa bandarini Aden tarehe 12 Oktoba 2000, na ya 47 waliokufa katika mlipuko wa mzinga kwenye manowari USS Iowa mwezi wa Aprili 1989. Mimi sikuingia. Pasipoti yangu ya Tanzania ilihitaji utaratibu wa mapema ambao hakuna aliyenieleza nilipojaza fomu, ingawa niliandika uraia wangu mahali palipoulizwa. Ikiwa wewe si raia wa Marekani, uliza kabla ya kulipa.

Baba mkwe alisema kambi anaijua, akabaki nami, tukatembea taratibu hadi Town Point Park, kando ya mto Elizabeth. Hapo kuna ukumbusho ambao hauna sanamu ya mtu wala bunduki. Kuna barua 20, za askari waliokufa katika vita mbalimbali vya Marekani, zilizoandikwa kwenye mabamba membamba ya shaba nyeusi yaliyojikunja pembeni, yametawanyika chini kana kwamba upepo wa mtoni umeyapeperusha sasa hivi. Ili usome lazima uiname. Mzee hakuweza kuinama, basi nikawa namsomea, naye akinionyesha kwa fimbo ipi inayofuata, huku manowari kongwe Wisconsin ikiwa imetia nanga ya kudumu hatua chache kutoka hapo. Sehemu hii haikuwemo katika kifurushi na haina kiingilio, na kama kampuni ingeuliza ushauri wangu, ningeanzia hapa.

Nimalizie na meza ya maswali, ambako mjane mmoja alifika kuuliza afanyeje na majivu ya mumewe aliyeusia kuzikwa baharini. Msichana wa zamu alimpa kijitabu cha ziara za boti. Wazee waliokuwa karibu ndio waliomweleza kwamba jeshi la wanamaji hulifanya jambo hilo bila malipo kwa mstaafu aliyeondoka jeshini kwa heshima, kwamba Norfolk ni mojawapo ya bandari zinazopokea majivu, kwamba familia haiendi kwa sababu manowari inakuwa kazini, na kwamba nahodha huwaandikia baadaye tarehe, saa na mahali penyewe kwa vipimo vya latitudo na longitudo. Mjane aliuliza kama barua hiyo huja kweli. Mmoja akamjibu kwamba ya kaka yake anayo kwenye pochi, akaitoa.

Najua kazi hii haitakuwa rahisi kadiri miaka inavyokwenda. Manowari Indianapolis ilizamishwa tarehe 30 Julai 1945 ikiwa na watu 1,195, wakaokoka 316. Waliokoka walikutana kwa mara ya kwanza mwaka 1960, na baada ya wao kupungua, watoto na wajukuu ndio wanaoushikilia mkutano. Chama cha baba mkwe kinaelekea huko huko, na ndiyo sababu kitaendelea kuhitaji kampuni ya kushughulikia vyumba na mabasi.

Natoa nyota tatu kati ya tano: zote tatu ni za mabasi, beji na chumba cha mazungumzo. Chama kimetia saini tena kwa mwaka ujao, safari hii mkataba ukisema kwamba wahudumu wa hoteli wataelezwa habari za meza kabla ya chakula, kwamba kengele na msomaji watatoka chamani, na kwamba orodha ya majina itafungwa wiki mbili kabla. Nakala ya orodha hiyo imeletwa kwangu. Nimeombwa niweke alama ya mkazo kwenye kila jina la Kifilipino, na mpaka sasa nimepiga simu nne.