Shira ya mepo niliyoipata kwenye tangazo la zamani

Jarida la Yankee lilianzishwa mwaka 1935 na Robb Sagendorph kijijini Dublin, jimbo la New Hampshire, Marekani. Mimi hupenda kurasa zake za matangazo madogo kuliko makala. Humo wakulima na mafundi wa vijijini walitangaza kwa mistari michache tu: bidhaa, jina, anwani ya posta, basi. Hakuna makuu.

Katika toleo la miaka ya sitini nililookota mnadani niliona familia inayouza shira ya miti ya mepo (maple), yaani maji ya mti huo yaliyochemshwa hadi yakawa mazito. Shamba bado lipo! Siku hizi anayechemsha ni mjukuu, tena kwa kuni.

Nilichukua ile nyeusi ya mwisho wa msimu. Jamani, imwagieni kaimati za futari mtaniambia. Si utamu mtupu kama wa sukari. Ina uzito, na moshi kwa mbali. Watoto walilamba sahani. Kwenye uji wa ulezi pia imekubali sana.

Bei iko juu kuliko ya supamaketi, nami naona ni halali: lita 40 hivi za maji ya mti hutoa lita moja tu ya shira, na maji hayo hutiririka vizuri pale tu usiku unapoganda na mchana ukapata joto.

Kadi hawapokei, bebeni taslimu. Mwezi Machi barabara yao ya udongo ni tope tupu, gari dogo liacheni kwenye lami. Chupa mkizirudisha, wanazijaza tena kwa bei nafuu.